Hofu Iliyomo Ndani ya Penzi

Katika riwaya ya Rebecca, iliyotoka mwaka 1938, moja ya matukio yanayotisha kuliko yote ni la gauni. Mke mpya wa Maxim de Winter, msichana mpole ambaye msomaji hatajiwi jina lake tangu mwanzo hadi mwisho, anataka kumfurahisha mumewe usiku wa karamu kubwa. Msimamizi wa nyumba, Mrs Danvers, anamshauri ashonewe gauni kama la mwanamke aliyechorwa kwenye picha moja ukutani. Analifanya siri. Saa inapofika anashuka ngazi akitarajia kusifiwa, na Maxim anageuka rangi, anamfokea akabadilishe nguo. Kumbe Rebecca, mke wa kwanza aliyekwisha kufa, alivaa vilevile.

Hakuna bastola wala damu, lakini msomaji roho inampaa.

Toleo hili limetengwa kwa riwaya za namna hiyo, zinazounganisha mapenzi na taharuki. Wapo wanaozidharau kuwa ni vitabu vya kupotezea muda. Wanakosea. Riwaya hizi zinavutia kwa sababu zinaiweka hatari mahali ambapo mtu hawezi kuikimbia. Jambazi wa barabarani atapigiwa kelele na majirani watatoka. Mume mwenye siri utamshtaki kwa nani, na kwa ushahidi gani? Wahenga walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako, na utanzu huu unamwingiza msomaji ndani ya nguo hiyo hiyo.

Daphne du Maurier alianza kuiandika Rebecca akiwa Alexandria, Misri, alikokuwa na mumewe, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mbegu yake mojawapo ilikuwa wivu wake juu ya mwanamke aliyewahi kuchumbiwa na mume huyo. Mwandishi hakufurahia kitabu chake kuitwa cha mapenzi tu; kwake kilikuwa uchunguzi wa wivu. Ndiyo maana kina nguvu. Maxim anapokiri kwamba alimuua Rebecca, mkewe anashikwa na faraja kabla ya woga: kumbe hakumpenda yule! Msomaji naye anajikuta amefarijika pamoja naye, kisha anashtuka kwa alichokifurahia. Alfred Hitchcock alipoitengeneza filamu yake mwaka 1940, kanuni za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu muuaji aachwe bila adhabu, kwa hiyo kifo cha Rebecca kikageuzwa kuwa ajali. Filamu ilitunukiwa Oscar ya filamu bora, lakini kitabu kilithubutu zaidi.

Mary Stewart aliishika hatari hiyo iliyo ndani ya penzi kwa njia nyingine katika Nine Coaches Waiting, ya mwaka 1958. Linda Martin, yaya katika jumba la kitajiri Ufaransa, anagundua kwamba mtoto anayemlea anawindwa auawe kwa ajili ya urithi. Anampenda Raoul, kijana wa ukoo huohuo. Je, amweleze? Akikosea, mtoto atakufa. Anatoroka usiku na mtoto bila kumuaga mpenzi wake, na kuanzia hapo kila ukurasa una maumivu mawili: ya kuwakimbia wauaji na ya kumshuku mtu anayependwa.

Kiswahili hakijapungukiwa na taharuki. Elvis Musiba alituletea mpelelezi Willy Gamba, Ben Mtobwa akatuletea Joram Kiango, na wasomaji waliazimana vitabu hivyo mpaka majalada yakachanika. Hadithi za mfululizo magazetini, kama za Eric Shigongo, ziliwafanya watu wangoje toleo lijalo kwa hamu kila walipofika kwenye neno "Itaendelea". Lakini kwa Gamba na Kiango mapenzi yamo njiani tu. Safari yenyewe ni ya kumsaka adui. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Kiu ya mwaka 1972, aliikaribia zaidi njia ya Du Maurier: penzi la Bahati na Idi limezungukwa na tamaa ya mali, na hila inaingia mpaka ndani ya nyumba.

Njia hiyo bado ina nafasi tele. Urithi unaogombaniwa kabla ya arubaini, mke mkubwa asiyetajwa mbele ya mke mdogo, mchumba aliyerudi kutoka ng'ambo na simu asiyoipokea mbele za watu: haya yote ni mali ghafi ya taharuki, na yako majumbani mwetu.

Waandishi, yaandikeni. Mpeni mwanamke nafasi ya kuchunguza, kushuku, kupenda na kuamua mwenyewe. Nanyi wachapishaji, muswada wa aina hiyo ukifika mezani, usomeni hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kuuita hadithi ya mapenzi tu.