Dalali wa kiwanja aseme katumwa na nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie jambo linalowaumiza wauzaji na wanunuzi wa ardhi Bukoba na Muleba: madalali kutosema wanamfanyia kazi nani. Mnunuzi anayepelekwa Kashai au Rwamishenye kuona kiwanja humlipa dalali hela ya kumzungusha, akaamini kapata mtu wake. Kumbe muuzaji naye kamwahidi huyohuyo asilimia 10. Halafu kuna cha juu: mwenye kiwanja anataka milioni 8, mnunuzi anatajiwa milioni 10, na wawili hao hawaachwi wazungumze bei ana kwa ana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala amtolee hesabu aliyemtuma. Aliyemtuma ni yupi, ikiwa kila upande unadhani ni wa kwake?

Kwetu swali hili linapita bei, maana kibanja, yaani shamba la familia, huwa na ukoo nyuma yake. Shauri la Bi. Holaria Pastory lilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, baada ya kuuza mwaka 1988 shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo akapinga. Mahakama Kuu Mwanza ilimpa haki mwaka 1990, uamuzi wa kujivunia, lakini ardhi ilikwishapita mahakama tatu. Dalali anayengoja asilimia ya muuzaji ana faida gani kumwambia mnunuzi kwamba ndugu wananung'unika, au kwamba mke hajaridhia nyumba ya familia iuzwe, wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake?

Wapo watakaosema mnunuzi achunguze mwenyewe. Ni kweli, lakini wengi wako Dar es Salaam au Mwanza na macho yao ni dalali huyohuyo. Wengine watasema vijana watakosa riziki. Sisemi wafukuzwe, wanahangaika juani na wanastahili malipo, hata ya pande zote mbili, mradi pande zote zijue. Kenya ilitunga sheria ya kusajili mawakala wa milki tangu 1984. Sisi tunaweza kuanzia kwenye ofisi za mitaa na vijiji, mauziano yanakopigwa muhuri: mkataba utaje jina la dalali, aliyemtuma, na kiasi anacholipwa na kila upande. Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba zitoe agizo hilo, na dalali anayekataa kuandikwa asikubaliwe kusaini hata kama shahidi.

Msomaji wako,
Bukoba