Sheria Haikutaja Rangi, Ilitaja Saruji

Wako watu katika nchi yetu wasemao kwamba ubaguzi ulikwisha usiku ule wa Desemba 1961 bendera ya Mwingereza iliposhushwa, na ya kwamba tangu siku ile kila mtoto wa nchi hii ana njia sawa na mwenziwe. Asiyefika, basi, ni mvivu, au hana akili, au amerogwa. Maneno haya nimeyasikia vilabuni, nimeyasikia ndani ya mabasi, na kwa aibu yetu nimeyasikia hata katika mikutano ya chama. Msemaji kwa kawaida ni mtu aliyeshiba. Leo nataka kumjibu, wala sitamjibu kwa matusi.

Ndugu wasomaji, tuutazame kwanza mji wa Dar es Salaam jinsi ulivyopangwa chini ya Waingereza katika miaka ya 1920. Mji uligawanywa sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa upande wa bahari, penye upepo mzuri, nyumba kubwa zenye bustani. Ya pili ilikuwa ya nyumba za kukaa pamoja na maduka. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za udongo na makuti, kule Kariakoo na Ilala. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu paliachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja, ati maradhi ya Waafrika yasivuke kwenda kwa wengine. Sasa angalieni werevu wa mtawala. Kanuni za ujenzi zilizungumza habari za nyumba zaidi ya habari za watu: hapa ijengwe nyumba ya namna gani, kwa vifaa gani. Ukiwa huna fedha ya saruji na bati, huna ruhusa. Na nani asiyekuwa na fedha ya saruji? Kila mtu alijua. Ndiyo maana wananchi hawakusumbuka kuzisoma kanuni, walizipa sehemu zile majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Penginepo mtawala hakuwa na haya hata kidogo. Shule zilikuwa za namna tatu, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na fedha aliyotumiwa mtoto wa Kizungu haikulingana kamwe na ile aliyotumiwa mtoto wa Kiafrika. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, sisi tulikuwa na Sewa Haji. Katika kazi ya serikali, tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliweka kanuni ya kwamba asiyekuwa Mzungu, hata akiwa na cheo kile kile, apate sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Mwafrika aliyemaliza Makerere alikaa meza moja na Mwingereza, akaandika barua zile zile, na mwisho wa mwezi akapewa tatu mwenziwe akapewa tano. Mwaka 1954 tume nyingine, ya Lidbury, ikaiondoa kanuni hiyo, na watu wakashangilia. Lakini hapo hapo ikatolewa posho ya pekee kwa watumishi walioajiriwa kutoka ng'ambo. Rangi ilifutwa katika karatasi, na safari ya meli ikaandikwa mahali pake.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa sababu nataka msomaji auone ufundi wenyewe. Ubaguzi wa kijinga humtaja mtu kwa jina lake. Ule wenye akili hutaja kitu ambacho mtu huyo hana.

Chukueni kura za mwaka 1958. Katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 8, Waingereza walitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Na si kila mtu aliyeweza kupiga kura. Ilikupasa uwe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiasi walichokitaka, au cheo walichokitambua. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulibishana sana juu ya kuingia au kutoingia katika uchaguzi ule, na historia imekwisha kueleza kwamba kuingia kulikuwa busara. Lakini kuna jambo ambalo wanahistoria wetu hulipita mbio. Tangu mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwanamke ambaye hakusoma zaidi ya shule ya msingi, alikuwa akipita katika vikundi vya ngoma na kwa wauza pombe na wauza vitumbua wa Dar es Salaam, akiwaandikisha wanawake kwa maelfu. Wao ndio waliojaza viwanja. Wao ndio waliouza vito vyao kukisaidia chama. Je, ni wangapi kati yao waliokuwa na pauni 150 kwa mwaka? Mwanamke hakutajwa katika kanuni ile, wala hapakuwa na haja ya kumtaja. Pauni zilitosha.

Basi tukapata Uhuru, na haki isemwe: kazi ilifanyika. Januari 1962 shule za rangi tatu ziliunganishwa kwa sheria kuwa shule za nchi moja. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari 12 na mainjinia 2. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, na mwaka 1977 mlango wa darasa la kwanza ukafunguliwa kwa kila mtoto. Wazee wetu walijifunza kusoma chini ya miembe. Mtu anayeidharau kazi hiyo hajui alikotoka.

Lakini twende taratibu, maana hapa ndipo panapouma. Mwaka 1963, sisi wenyewe, bendera yetu ikipepea, tuliziandika sheria za mila za urithi kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba. (Waislamu wana utaratibu wao wa mirathi, nao una maneno yake. Leo sitauingia.) Sheria hizo za 1963 ziliwapanga warithi katika daraja tatu: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, ndugu zake wanaume daraja la pili, na mabinti wote wa marehemu, hata yule aliyemuuguza baba mpaka siku ya mwisho, daraja la tatu. Mjane akaambiwa fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti akirithi shamba la ukoo, alitumie maisha yake lakini asiliuze. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alihukumu kwamba mwanamke aliyerithi shamba la baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yasema mila yo yote imnyimayo mwanamke ardhi ni batili. Vizuri sana. Lakini nendeni vijijini mkaulize ni sheria ipi ijulikanayo kwa moyo na wazee wa ukoo, ya 1999 au ya 1963.

Waingereza hawakuziandika zile daraja tatu. Tusiwasingizie.

Wala hawakuiandika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayosema mvulana aoe akiwa na miaka 18, lakini msichana aweza kuolewa akiwa na miaka 15 mradi mzazi akubali. Na mzazi gani akubaliye? Si waziri. Si mwenye maduka. Hao binti zao wa miaka 15 wako kidato cha pili, wanalala katika mabweni yenye geti na mlinzi. Akubaliye ni yule ambaye mvua imemnyima mahindi na ambaye ng'ombe wa mahari watampeleka mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo sheria ile haikuwagusa wasichana wote sawasawa. Ilimgusa msichana wa maskini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho chavunja Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kukirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema neno lile lile. Mwaka ule mmoja ukapita, na mingine ikapita baada yake, kifungu kikiwa mahali pake.

Sasa yule ndugu aliyeshiba atasema: lakini shule ni bure. Ndiyo, ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001, ya sekondari mpaka kidato cha nne ikaondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka 2022. Mimi nilisomea ualimu, na sitaki kumsikia mtu akilibeza jambo hili, kwa maana lilijaza madarasa. Lakini ada si shule. Kuna sare, kuna madaftari, kuna chakula cha mchana, kuna ule mchango usioitwa mchango. Mzazi mwenye fedha ya sare mbili na watoto watatu hana budi kuchagua, na mara nyingi hachagui kwa kupiga kura.

Kuna pia lugha. Mtoto wa shule ya serikali asoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza aambiwa kuanzia leo hesabu ni kwa Kiingereza, jiografia ni kwa Kiingereza. Mtoto wa tajiri amekwisha kusoma kwa Kiingereza tangu chekechea, kwa ada ambayo mkulima wa pamba haioni kwa misimu kadhaa. Kisha wote wawili wapewa mtihani mmoja, chumba kimoja, saa zile zile, na matokeo yakitoka twasema mmoja ana akili na mwingine hana! Mtihani haukutaja tajiri wala maskini. Umetaja Kiingereza. Ni saruji ile ile.

Katika mazoezi ya kufundisha nilijifunza kutazama madawati yaliyo wazi kuliko yaliyokaliwa. Tufanye hesabu ndogo. Msichana akikosa shule siku tatu kila mwezi kwa sababu hana kitambaa cha kujisitiri na choo cha shule hakina maji wala mlango, kwa miezi tisa ya masomo amekosa siku 27. Hizo ni juma tano na zaidi za shule. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani juu ya pedi iliondolewa, na mwaka 2019 ikarudishwa, kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Wafanyabiashara waliila nafuu, na adhabu akapewa msichana. Sijaelewa mpaka leo hoja hiyo ilisomwa na nani kabla ya kutolewa.

Na yule ambaye shule yake iko kilometa nane, bila bweni, akiomba msaada wa pikipiki njiani, na msaada huo ukaja na bei yake, alikuwa akifukuzwa. Mwaka 2017 tamko lilitolewa hadharani kwamba aliyezaa asirudi darasani. Mwenye pikipiki alirudi kijiweni kwake. Ilipofika Novemba 2021 mlango ukafunguliwa, na wasichana hao waweza kurudi. Ni jambo jema, lakini arudi na mtoto amwachie nani, na sare nyingine inunuliwe na nani?

Wako wapendao kuimaliza habari hii yote kwa kumlaumu Mhindi. Ni njia fupi, ndiyo maana inapendwa. Lakini mwaka 1971 serikali iliyataifisha majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi waliopoteza walikuwa Wahindi. Je, kodi ya chumba Kariakoo ilikuwa bure baada ya hapo? Leo mwenye nyumba anayemdai mama ntilie kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni Mwafrika mwenzangu, tena huenda ana kadi ya chama. Na huyo Sophia Mustafa, Mhindi, mwanamke, aliyechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 kwa kuungwa mkono na TANU, tumweke upande gani? Rangi ilikuwa kufuli ya Mwingereza. Alipoondoka, wengine wetu hawakuivunja. Waliweka kufuli ya fedha, wakaubana ufunguo ndani ya nyumba zao.

Nasi ndani ya chama tusijidanganye. Nimezunguka matawi mengi, na karibu kila mahali wapikao ni kina mama, waimbao ni kina mama, wakaao juani ni kina mama, na kwenye meza yenye kitambaa wapo wanaume watano na katibu wa kina mama mmoja, aliyepewa dakika tatu mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kusimama.

Kwa hiyo naomba mkutano ujao wa kila tawi usianze na risala. Kila balozi aje na daftari, ameandika: shule ya sekondari ya kata iko kilometa ngapi, ina bweni la wasichana au haina, choo kina maji au hakina, wasichana wangapi waliingia kidato cha kwanza mwaka uleule na wangapi wamefika cha nne, na hao wasioonekana wako wapi. Aandike pia wajane wangapi walioondolewa shambani tangu msiba, na nani alimaye shamba hilo sasa. Kina mama ndio wasome daftari hizo, mezani, kabla ya mtu mwingine ye yote kusema. Diwani na mbunge waalikwe kwa barua, na barua ieleze wazi kwamba wataulizwa lini kifungu kile cha mwaka 1971 na zile daraja tatu za mwaka 1963 zitapelekwa Bungeni.