Nyasi Zikikatwa Ziachwe Papo Hapo

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Kuna mambo ambayo hufanywa shuleni kila wiki hata yakawa kama sheria, ijapokuwa hakuna aliyewahi kuyaandika popote. Moja ni hili la nyasi. Zikifyekwa, lazima zikokotwe kwa reki, zizolewe, zipakiwe kwenye wilbaro au gunia, zipelekwe nyuma ya jikoni kwenye shimo la takataka na kutiwa moto. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba shule ni lazima iwe safi. Ukiuliza tena, utapewa reki.

Mimi nasema kazi hiyo ya pili, yaani ya kuzoa na kuchoma, ni hasara tupu. Nyasi fupi zikikatwa ziachwe zilale pale pale zilipoanguka. Nyasi ndefu zizolewe, sawa, lakini zipelekwe shambani, kwenye mboji au kwa ng'ombe. Kiberiti kisizikaribie kamwe. Hiyo ndiyo rai yangu, na naomba nisikilizwe kwanza ndipo nizomewe.

Hebu tuanzie darasani. Katika somo la Biolojia tunachora mzunguko wa nitrojeni mpaka tunauota usiku: mmea huvuta nitrojeni kutoka udongoni, mmea hufa, bakteria na kuvu huuozesha, nitrojeni hurudi udongoni, mmea mwingine ukaivuta tena. Tunapata alama zetu, tunafurahi. Halafu saa kumi jioni ikigonga, tunatoka nje na kuukata mzunguko huo huo kwa njiti moja ya kiberiti! Nyasi zikiungua, karibu nitrojeni yote huenda hewani pamoja na ule moshi unaotuingia machoni wakati wa maandalio ya jioni. Kinachosalia katika jivu ni potasiamu, fosforasi na chokaa, na hata jivu lenyewe haturudishi kiwanjani. Hubaki shimoni likisombwa na mvua.

Nilikaa nikapiga hesabu, na ye yote aliye na kalamu anaweza kunisahihisha. Nyasi mbichi ni maji matupu kwa kiasi cha robo tatu au zaidi. Zikishakauka, katika kila kilo 100 hupatikana kilo 2 hadi 4 za nitrojeni, kutegemea ni changa au zimekomaa, na udongo wake una rutuba kiasi gani. Tuchukue kilo 3. Gunia moja la mbolea ya CAN la kilo 50 lina nitrojeni ya kilo 13 hivi. Basi ili kupata nitrojeni ya gunia moja unahitaji nyasi kavu kama kilo 430, yaani nyasi mbichi tani moja na robo tatu. Wilbaro moja ikibeba kilo 20, hizo ni wilbaro 87. Mnaziona nyingi? Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, sisi na mikono yetu hii tunazijaza hizo na kupita, tukizingatia kiwanja cha mpira, nyuma ya mabweni, kando ya barabara ya lango kuu na pale mbele ya ofisi. Kisha shule hiyo hiyo hutoa pesa kununua CAN ya kutia kwenye mahindi na sukumawiki. Sisemi kwamba nitrojeni yote ya nyasi iliyoachwa chini itafika mizizini. Nyingine hupotea hewani, nyingine huchelewa. Lakini ya shimoni haifiki hata chembe.

Wale wasioamini mpaka waambiwe kuwa mambo yamechunguzwa ng'ambo, haya: mwaka wa 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani walichapisha matokeo kwamba nyasi zilizokatwa zikirudishwa pale pale kwenye uwanja, mbolea ya nitrojeni inaweza kupunguzwa kwa nusu au zaidi bila ya uwanja kuharibika sura. Lakini kwani lazima tuvuke bahari? Mwendee mkulima wa chai wa Kericho, Murang'a au Nyeri. Kila baada ya miaka mitatu au minne hupogoa michai yake, na ushauri anaopewa ni kwamba matawi na majani yaliyokatwa yaachwe chini ya michai yenyewe. Hufunika udongo usikauke, huzuia magugu, na yakioza hurudisha sehemu ya mbolea aliyoinunua. Mkulima wa kahawa naye hutafuta nyasi kavu, hata kwa kununua, akazitandaza kati ya mistari ya mibuni kabla ya kiangazi kuingia. Watu hawa si wachafu. Wanajua hesabu.

Nimefika kwenye hoja ya usafi, na hapa nitakawia kidogo maana ndiyo hoja ninayotupiwa kila nikifungua mdomo. Ati mgeni akija siku ya wazazi akaona vipande vya nyasi vimetapakaa atasema nini? Jamani, tofauti ya nyasi na takataka ni kubwa. Karatasi ya peremende haiozi. Jani changa la nyasi la urefu wa kidole huanza kunyauka siku ile ile, likajipenyeza kati ya mashina, na baada ya siku chache halionekani. Nyungunyungu, mchwa na wadudu wengine wadogo hulivuta chini, kazi ambayo wanaifanya bure na bila kusimamiwa na kiranja. Kinachochukiza macho ni marundo na mafungu, na haya hutokea pale nyasi zinapokatwa zikiwa ndefu au zikiwa zimelowa umande. Dawa yake ni kukata mara kwa mara, kukata zikiwa kavu, na kutoondoa zaidi ya thuluthi moja ya urefu kwa mara moja. Pale mlangoni mwa madarasa na kwenye vijia vya saruji ninakubali zifagiliwe, kwa sababu zikilowa hunata viatuni na kuteleza. Ni hatua chache tu. Zifagieni zirudi kwenye nyasi zenzake.

Kuna na wale wa nyoka. Wanasema nyasi zikiachwa nyoka watakuja. Nyoka hujificha kwenye nyasi zilizosimama na kwenye marundo, si kwenye vipande vilivyolala bapa ambavyo haviwezi kumficha hata jongoo. Ikiwa tunaogopa nyoka, basi lile rundo linalosubiri kukauka nyuma ya jikoni ndilo tungeliogopa zaidi.

Wengine wenye kusomasoma husema nyasi zilizoachwa huunda godoro juu ya udongo mpaka maji yasipite. Godoro hilo lipo, na hizi nyasi zetu zitambaazo, ambazo ulimwengu mzima unaziita nyasi za Kikuyu kwa kuwa asili yake ni nyanda zetu za juu, ni hodari sana wa kulitengeneza. (Mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekwa Afrika Kusini na Australia, na huko wenyeji wengine wanazipalilia kama gugu!) Lakini godoro hilo hutengenezwa hasa na vile vikonyo vyake vigumu vinavyotambaa na kusukana, pamoja na mizizi. Majani mateke huoza upesi mno kuweza kuwa godoro.

Sasa mtauliza: ikiwa mambo ni mepesi hivi, mbona hayafanyiki? Mimi naona sababu si kutojua. Walimu wetu wa Kilimo wanajua haya kuliko mimi. Sababu ni kwamba kufyeka nyasi kwetu si kazi ya kutunza uwanja, ni adhabu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na fyekeo, au slasha kama tunavyoliita, likachukua kiti chake. Mwenye kuchelewa paredi hupimiwa kipande chake. Mwenye kuzungumza maktabani hupimiwa chake. Adhabu hupimwa kwa jasho, wala si kwa faida ya nyasi, na kuzoa na kubeba ni nusu ya jasho lote. Ukimwambia mwalimu wa zamu kwamba nyasi ziachwe pale pale, atadhani unajitafutia nafuu. Pengine ni kweli wengine tungekuwa tunaitafuta! Lakini uwanja haukukosea lo lote, na ndio unaoadhibiwa miaka nenda miaka rudi. Walimu watanisamehe kwa kusema hivi: mwenye hatia anaweza kupewa kazi nyingine yenye kutoa jasho hilo hilo, kama vile kugeuza mboji, kazi ambayo nawahakikishia si lelemama.

Mjini nako mambo si mazuri. Katika mitaa ya wenye nafasi huko Nairobi, nyasi hukatwa kwa mashine, hutiwa viroba, na gari la taka huja kuzibeba. Huishia jaani kama pale Dandora, ambapo taka zimekuwa zikirundikwa tangu miaka ya 1970. Nyasi zikifunikwa na taka bila hewa hutoa methani, gesi inayonasa joto mara nyingi kuliko kabonidioksidi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, watu wakatafuta mifuko ya namna nyingine. Swali la kama nyasi zinahitaji mfuko wo wote halikuulizwa sana.

Sasa nije kwa nyasi ndefu, maana sipendi mtu aseme nimekwepa. Tukirudi kutoka likizo ya Aprili tunakuta nyasi zimefika magotini, zina mashina na mbegu. Hizi zikifyekwa na kuachwa, zitazifunika zilizo chini zisipate jua, zigeuke manjano na kufa. Tena shina lililokomaa huwa kavu na gumu, nalo bakteria wanapolishughulikia huazima nitrojeni iliyo udongoni kwanza, hivyo mimea hukaa na njaa kwa muda. Hapo reki ina kazi yake halali. Zitandazwe kati ya mistari ya kabichi kabla ya jua kali la Januari na Februari, au zipangwe kwenye biwi la mboji tabaka kwa tabaka pamoja na samadi na maganda kutoka jikoni, zikinyunyiziwa maji na kugeuzwa.

Na ng'ombe je? Muhula uliopita tulikuwa tukisukuma wilbaro kando ya ua, mama mmoja aliyekuwa anapita barabarani na gunia tupu akatuita.

"Wanangu, hizo nyasi mnazipeleka wapi?"

"Tunazichoma, mama."

"Mnachoma? Mimi nimetoka alfajiri kutafuta hizo hizo kando ya barabara!"

Aliomba ajaziwe gunia. Askari wa lango akasema hana ruhusa ya kuruhusu kitu kutoka nje. Basi mama akaenda zake na sisi tukaenda kuwasha moto. Katika ukame ule wa mwaka wa 2020 hadi 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika kaunti kame za nchi hii kwa kukosa malisho na maji. Sidai kwamba nyasi zetu zingefika Marsabit. Nasema tu kwamba kitu ambacho jirani anakitafuta kutoka alfajiri hakiwezi kuitwa takataka. Ila apewe zikiwa mbichi, siku ile ile, kwa kuwa zikilundikwa hupata moto ndani na kuchacha, na zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu zisipewe mnyama ye yote, wala zisitandazwe kwenye mboga.

Ile mashine ya kukatia nyasi za mbele ya ofisi haihitaji hata kubadilishwa. Ina kikapu nyuma. Mzee wetu wa bustani hukiondoa ili akimwage, hukirudisha, hukiondoa tena, asubuhi nzima. Kikapu kikitolewa kabisa na kile kifuniko cha nyuma kikateremshwa ili mawe yasirukie mtu miguuni, mashine itamwaga nyasi chini yenyewe. Kisu chake kinolewe, maana kisu butu hurarua jani badala ya kulikata, na ncha zake hubaki nyeupe kama nywele za uzee. Nilipomweleza mzee jambo hili alicheka akasema, "Kijana wangu, mimi nimelijua zamani. Niletee barua ya ofisi."

Barua hiyo ndiyo ninayoiombea hapa. Nyuma ya maabara kuna uwanja mdogo ambao hakuna mgeni anayeufikia. Ugawanywe katikati. Nusu moja nyasi zizolewe kama kawaida, nusu ya pili ziachwe zilipoanguka, pande zote mbili zikatwe siku moja na kwa urefu mmoja, tangu masika yaanze hadi mwisho wa muhula wa tatu. Chama cha Kilimo kipime urefu wa nyasi kila Ijumaa na kuandika katika daftari, nasi wa Chama cha Kiswahili tutaandika taarifa katika toleo lijalo, iwe imeniunga mkono au imeniumbua. Vigingi na kamba vimo stoo, nimeviona.