MCHEZO WA MTOTO SI UPUUZI

Wako wazazi ambao, wapitapo karibu na darasa la awali na kuwaona watoto wakipanga mawe na kufinyanga udongo, hurudi nyumbani wakinung'unika: "Tumempeleka mtoto akasome, naye acheza tu." Kisha hudai daftari lijazwe herufi tangu wiki ya kwanza. Twawaheshimu wazazi hao, maana wanaitakia heri elimu. Lakini twasema wazi ya kwamba katika jambo hili wamekosea.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu 2016 elimu hiyo hutolewa bila ada katika shule za Serikali. Mwaka huo huanza Januari. Kwa mtoto wa Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete katika Mkoa wa Njombe, huo ni mzunguko mzima wa majira. Huanza mvua ikinyesha, hupita katika baridi kali ya Juni na Julai, hufika kwenye ukavu wa Septemba na Oktoba, na hufungwa mvua zinaporudi. Hakuna kitabu kilicho rahisi kuliko hicho, wala kinachofunua kurasa zake chenyewe.

Wakati wa mvua mtoto hupima maji kwa makopo, akajua kopo kubwa lachukua madogo mangapi. Udongo huo huo wa matope humfinyangia herufi. Wakati wa mavuno hupanga viazi kwa ukubwa, maharage kwa rangi, na punje za mahindi kwa makumi. Asubuhi ya baridi huitazama sakitu ikiyeyuka juani, akauliza sababu; na jua likipanda hupima kivuli chake kwa fimbo. Upepo wa kiangazi ukivuma, hurusha tiara.

Mtoto aliyewagawia wenzake wanne maharage ishirini sawasawa amekwisha jifunza kugawanya kabla hajaijua alama yake. Tena wako watoto wengi wa Makete wanaokuja shule wakisema Kikinga. Neno la Kiswahili alisikialo mtoto huku amekishika kitu chenyewe mkononi halimtoki upesi kama lile alilolikariri ubaoni asilione.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1907, katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo mjini Roma, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto ambamo wana wa watu maskini walijifunza kwa kushika vitu kwa mikono. Na huku kwetu wazee walinoa hesabu kwa bao na akili kwa vitendawili. Hakuna aliyewaambia kuwa wanapoteza wakati.

Lakini tusieleweke vibaya. Kuwaachia watoto uwanjani huku mwalimu ameketi kivulini si kufundisha kwa mchezo. Mchezo wenye faida una mpango. Mwalimu anajua mapema anataka mtoto ajue nini, huandaa vitu, huuliza maswali, na husikiliza majibu. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika ubaoni, nayo yataka mwalimu aliyefunzwa na darasa lisilofurika. Hapo halmashauri zina wajibu usiokwepeka.

Wananchi nao wana sehemu yao. Seremala anavyo vipande vya mbao avitupavyo. Fundi cherehani anavyo vitambaa. Mwenye duka anayo makopo matupu. Mkulima hakosi konzi ya mbegu. Vitu hivyo vikipelekwa shuleni kila msimu, darasa halitakosa vifaa. Na kamati za shule zihakikishe kwamba Juni inapoingia madirisha yanafungika na uji wa moto upo, kwani mtoto anayetetemeka hachezi wala hasomi.

Mzazi akimpokea mtoto wake jioni, asiulize tu, "Umeandika nini?" Aulize pia, "Leo mmecheza nini, na umegundua nini?" Jibu atakalolipata litamwonyesha kama darasa lile linafanya kazi yake.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Mwaka wa awali ni mmoja tu, na majira yake yakipita hayamrudii mtoto yule tena.