Nani Kasema Wanaume Hawasemi?

Kuna uongo unaozunguka Kampala bila kulipa nauli: kwamba mwanamume hana haja ya kumweleza mtu yaliyomkuta. Utausikia vijiweni kwa bodaboda, utausikia kanisani, na siku hizi hata wataalamu wanaurudia, ila wao huupamba kidogo. Wanaume, wanasema, ni wagumu kufunguka. Basi kosa lote kabebeshwa msemaji, na msikilizaji kaenda zake hana deni.

Miongoni mwa wakimbizi wa Kongo wanaoishi jijini hapa wamo wanaume waliobakwa na watu wenye silaha huko kwao. Mwaka 2011 mshauri mmoja wa Refugee Law Project, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, alilisimulia gazeti la The Observer la Uingereza kisa kimoja. Mama fulani alikuja na malalamiko ya ndoa: mumewe hawezi tena tendo la ndoa, na kuna jambo anamficha. Mume akaitwa, akanyamaza. Mshauri akamwomba mke awapishe kidogo. Hapo yule bwana akasema na yeye yalimkuta, kisha akatoa mfukoni pedi ya kike iliyochakaa. Ndiyo aliyokuwa akijisitiri nayo, kwa kuwa maumivu hayajaisha.

Huyo ndiye tunayeambiwa hasemi! Alichokosa ni mlango kufungwa na mtu wa kumngoja. Wenzake walipopata pa kusemea walisema mpaka wakaunda chama chao, Men of Hope, hapa hapa Kampala.

Wazee watanijibu funika kombe mwanaharamu apite. Sawa, lakini huyu mwanaharamu hapiti. Analala na mtu kitanda kimoja. Na sheria nayo imesaidia kufunika. Kanuni yetu ya Adhabu inapoeleza kosa la kubaka inamtaja mwanamke au msichana, mwanamume hayumo. Kisha ikaja sheria ya 2023 dhidi ya ushoga, ikaamuru mwenye kujua au kushuku aripoti polisi. Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho Aprili 2024, lakini aliyekwisha kuogopa kudhaniwa shoga hasomi hukumu za mahakama.

Wanaodai kuambiana machungu ni mambo ya Wazungu wamesahau mapema mno. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyetoka kumzika mumewe kwa UKIMWI, aliungana na wenzake wachache, baadhi yao wagonjwa, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo hapa nchini. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja na kuambiana. Hakuna aliyepona virusi kwa maneno, ila mtu aliyekuwa akifa amefungiwa chumba cha nyuma alipata wa kumwita jina. Miaka miwili baadaye mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akatangaza kuwa anao, na wapo waliosema anatafuta soko la kanda zake. Desemba ya mwaka huo huo, 1989, tukamzika. Mwanamume alisema, tena kwa sauti. Wenye masikio ndio waliocheka.

Sisemi kila mtu amwage moyo kwa yeyote. Siri ukimpa mropokaji, kesho utaikuta sokoni Owino inauzwa pamoja na mitumba. Ndiyo maana wa kuisikiliza hana budi kuandaliwa: afundishwe, alipwe, apewe chumba chenye mlango.

Nendeni kwenye zahanati zetu mtazame. Mkongomani anafika, anasema mgongo unamuuma, kukaa hawezi. Muuguzi hajui Kiswahili, mgonjwa hajui Kiganda wala Kiingereza, kwa hiyo kaja na binti yake anayesoma darasa la sita amtafsirie. Mbele ya mtoto huyo mlitaka aseme nini zaidi ya mgongo?