Kesi ya Ugoni Juba: Aliyekosewa ni Mume Tu?

Mtu akifumaniwa hapa Juba, jibu la nani amekosewa huwa tayari kabla wazee hawajakaa: ni mume. Mke akimfumania mume wake ataambiwa vumilia mama, wanaume ndivyo walivyo, tena kwa mila anaweza kuoa wa pili. Mume akimfumania mke, hapo polisi wanaitwa mbio.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Kifungu cha 266 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya 2008 kinamtaja anayelala na mume au mke wa mtu huku akijua. Soma tena: mume au mke. Kwa maandishi, mke aliyekosewa anaweza kushtaki kama mume. Balaa ni maneno yanayofuata: kesi iamuliwe kwa mila za aliyekosewa, na isipokuwa hivyo, jela isiyozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Mila zenyewe zilipangwa na nani? Ng'ombe wa fidia humwendea mume. Mke sijasikia akilipwa hata mbuzi.

Mwaka 2012 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya magereza ya nchi hii. Humo wamo wanawake waliofungwa kwa ugoni, na watu waliowekwa ndani kwa kushindwa kulipa deni au fidia. Sisi wakimbizi tusijidanganye kwamba hayatuhusu; sheria ya nchi uliyokimbilia inakushika na wewe.

Basi aombe talaka? Ndoa nyingi hapa zinaamuliwa kwa mila, na mila inasema rudisheni mahari kwanza. Ng'ombe wale kaka yake alishaolea! Kwa hiyo kaka ndiye anayembembeleza dada arudi kwa mume, maana dada akitoka, ndoa yake mwenyewe inatikisika.

Wazee wetu, tunawaheshimu, lakini msituambie haya ni mambo ya Wazungu. Vuka Nimule tu. Uganda, Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la ugoni mwaka 2007, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakataa mahari kudaiwa irudishwe ndoa ikivunjika. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaufanya ugoni kuwa sababu ya talaka, si ya kwenda jela. Tanzania, tangu sheria ya 1971, mke naye anaweza kumdai fidia aliyelala na mume wake.

Na nyinyi ndugu wa mashirika, mwanamke akija na shida hii mbona mnamrudisha kwa wazee na kuandika kwamba kesi imefungwa? Mwambieni hatua zilizopo. Aombe uamuzi uandikwe, kwa sababu mahakama za mila zina ngazi za rufaa mpaka kwa hakimu wa serikali. Akipigwa, hiyo ni kesi nyingine kabisa, fumanizi liwepo lisiwepo: polisi wana kitengo cha ulinzi maalumu, na tangu Desemba 2020 Juba ina mahakama ya ukatili wa kijinsia. Msindikizeni. Peke yake, mezani kwa polisi, ataulizwa yeye alikuwa wapi.

Bunge nalo liondoe jela kwenye 266, na likataze mahari kudaiwa kabla ya talaka. Wale ng'ombe walishazaa, wengine walishaliwa, na yeye bado anadaiwa.