Mabosi wa Kariakoo, njaa ya mimba siyo kudeka

Jamani wadau, leo tuwaongelee madada wa dukani Kariakoo. Mtu ana mimba ya miezi miwili, tumbo hata halijaonekana, na kutwa nzima yupo Mtaa wa Kongo kasimama anaita wateja. Saa nne asubuhi njaa inamkamata mpaka mikono inatetemeka. Akichomoka kununua muhogo, bosi anasema anadeka.

Kudeka wapi? Kwa mimba changa, tumbo tupu ndiyo linazidisha kichefuchefu. Hapo ndipo wengi wanapoishia kwenye udongo wa pemba, maana unauzwa hapohapo mjini na unakaa mfukoni. Kinywa kinatulia kweli, ila udongo haushibishi, tena unauzuia mwili kupokea madini ya chuma wakati mama anahitaji damu. Soda na biskuti nazo, muda si mrefu umerudi palepale.

Dada, weka kwenye mkoba mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Kula kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili matatu, usingoje kubanwa. (Na ile ya "kula kwa ajili ya watu wawili", miezi mitatu ya kwanza sahani mbili za wali za nini?)

Turudi kwa mabosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hayo ni ya kila mfanyakazi, awe na mimba au asiwe nayo. Sasa wewe unamnyima dakika kumi za kula yai?